Kamati za Ushauri wa Biashara: Viti ni vya Nani?

Kamati ya ushauri wa biashara ni kundi la watu ambao serikali huwaita kabla ya kuamua jambo linalohusu soko: ushuru upande au ushuke, zao gani liruhusiwe kuvuka mpaka likiwa ghafi, bei ya chini iwe ngapi, mkataba na nchi fulani utiwe saini au uachwe. Kamati yenyewe haitungi sheria, na waziri ana hiari ya kuupokea ushauri wake au kuufungia kabatini. Hata hivyo uzito wake ni mkubwa, kwa sababu mambo yanayomfikia waziri ni yale ambayo wajumbe waliyataja. Jambo ambalo hapakuwa na mtu wa kulitaja huamuliwa kana kwamba halipo. Ndiyo maana ugawaji wa viti hubishaniwa sana, na unastahili kubishaniwa.

Wilaya za zamani za Meru na Embu zinalionyesha suala hili waziwazi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Barabara itokayo Maua hupita Meru mjini, Nkubu, Chuka na Embu, ikateremka hadi Makutano, pale inapoungana na ile ya Sagana na Nyeri, kisha ikaelekea Thika na Nairobi. Hapo hupita miraa ya Igembe na Tigania, muguka wa Mbeere, makadamia ya Embu na Imenti, kahawa na chai ya miteremko ya Mlima Kenya. Madereva, wapakiaji na wachuuzi wa Makutano huishi kwa mwendo wa mazao hayo. Lakini hatima ya karibu kila zao hapo huamuliwa kwingine: London, Mogadishu, Brussels, Mombasa, au katika ofisi za Nairobi.

Miraa, ambayo hutafunwa ili kuchangamsha, ndiyo iliyotoa funzo kali zaidi. Jani lake lina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huanza kupotea mara tu tawi linapokatwa, kwa hiyo mzigo ukikaa siku tatu huwa umekwisha thamani. Ndiyo sababu ya yale magari ya kasi, mabunda yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, na ndege zinazosubiri Nairobi. Mti wenyewe, kwa upande mwingine, huishi miaka mingi mno; mashamba ya milima ya Nyambene, kule Igembe na Tigania, yana miti iliyopandwa na mababu. Hapa pana tofauti ambayo mtu anayegawa viti vya kamati hapaswi kuisahau. Mfanyabiashara anayesafirisha miraa akifungiwa soko ataumia, lakini gari lake linaweza kubeba viazi kesho. Mwenye mti hana mahali pa kuhamia.

Mwezi Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu matumizi mabaya ya dawa lilitoa ripoti juu ya miraa. Baraza hilo lilipima ushahidi wa kitabibu na wa kijamii, likasikiliza pia Wasomali wanaoishi Uingereza, ambao wenyewe walikuwa wamegawanyika, wengine wakiililia serikali ipige marufuku kwa ajili ya familia zao. Hitimisho lake lilikuwa kwamba madhara hayakutosha kuhalalisha marufuku. Mwezi Julai mwaka huohuo Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, alitangaza kuwa miraa ingepigwa marufuku licha ya ushauri huo. Kamati ya bunge inayosimamia mambo ya ndani ilimsihi asiendelee, na wabunge wake wakataja athari kwa wakulima wa Kenya. Tarehe 24 Juni 2014 marufuku ikaanza. Uholanzi ilikuwa imekwisha kufunga mlango wake mapema 2013, kwa hiyo soko la Ulaya likafa kabisa.

Kisa hicho kina mafunzo mawili, na si vyema kuyachanganya. La kwanza ni kwamba kamati nzuri inaweza kupuuzwa. La pili ni kwamba baraza lile liliundwa kupima madhara ya dawa kwa wakazi wa Uingereza. Halikuundwa kupima maisha ya mkulima wa Maua. Wataalamu walifanya kazi waliyopewa, tena kwa uaminifu. Ila riziki ya Nyambene iliingia katika mjadala kwa mlango wa pembeni tu, kupitia ujumbe wa viongozi wa Kenya na barua za vyama vya wafanyabiashara, wakati uamuzi ulikuwa tayari mikononi mwa mwanasiasa.

Baada ya soko la Ulaya kufungwa, kilio kilirudi nyumbani. Mwaka 2016 sheria ya Kenya ilibadilishwa ili miraa itambuliwe kama zao linalostahili kuendelezwa na serikali, na Rais Uhuru Kenyatta akaahidi shilingi bilioni moja kwa ajili ya wakulima na kuunda jopokazi la kushauri namna ya kuliokoa zao hilo. Miaka iliyofuata zilikuja kanuni za miraa za mwaka 2023 na kamati ya kupanga bei. Hatua hizi zilikuwa za haki. Watu waliokuwa hawana mlango wa kubisha serikalini walipata mmoja. Lakini palibaki swali la nani hasa ndani ya Meru anaitwa mkulima wa miraa.

Jibu si rahisi kama linavyodhaniwa. Mwenye shamba, mwenye kulikodi shamba hilo kwa msimu, kijana anayepanda mtini alfajiri kuchuma, wanaofunga mabunda, dalali wa sokoni, msafirishaji wa kupeleka uwanja wa ndege na mwagizaji aliyeko Mogadishu wote hujumlishwa katika neno moja, sekta. Maslahi yao hayafanani. Bei ya shambani ikipanda, dalali hupungukiwa. Bei ya kilo ikipangwa na serikali bila kupanga nani alipwe lini, anayekopwa ni mkulima. Chama kilichosikika zaidi katika vita vya Ulaya, NYAMITA, kwa jina lake lenyewe ni chama cha wafanyabiashara wa miraa wa Nyambene. Kilifanya kazi kubwa ya kuwasemea watu wake, na hakuna sababu ya kukinyima kiti. Kosa ni kukipa chama cha wanunuzi kiti kimoja na kudhani kwamba wauzaji wamekwisha kuwakilishwa. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, nao wana elimu ya mila na ardhi isiyopatikana ofisini, lakini hawawezi kumsemea mchumaji wa miaka ishirini, sembuse mwanamke mwenye kibanda.

Soko la Somalia lilionyesha upande mwingine. Mwezi Machi 2020, homa ya korona ilipoingia, Somalia ilizuia ndege za miraa, na zuio hilo likaendelea kwa sababu za kidiplomasia hata baada ya ndege nyingine kuruka. Biashara ilifunguliwa tena Julai 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili wakulima walikuwa wakichuma zaidi kwa ajili ya soko la ndani, huku miraa ya Ethiopia ikijaza nafasi yao. Katika suala la aina hii mkulima akae kamatini, ndiyo, lakini ushauri wake hautoshi bila mtu wa Wizara ya Mambo ya Nje anayejua kwa nini Mogadishu imekasirika, na bila mfanyabiashara anayejua wanunuzi wa kule kwa majina yao. Kamati ya wakulima watupu ingelalamika kwa haki na isijue pa kushika.

Kufikia hapo hoja inaonekana kama ya kuwapa sauti wazalishaji tu. Mwezi Mei 2024 muguka uliibomoa picha hiyo. Muguka ni mmea wa jamii moja na miraa, hukuzwa zaidi Mbeere katika kaunti ya Embu, na huuzwa majani kwa bei nafuu, jambo linaloufanya uwafikie vijana wasio na fedha. Katika kazi ya kuuchuma na kuuuza wamo wanawake wengi, tofauti na Nyambene ambako kwa desturi uchumaji ni kazi ya wanaume. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwa muguka katika kaunti yake, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya na mustakabali wa watoto wa Pwani. Gavana wa Embu, Cecily Mbarire, pamoja na viongozi wengine wa kaunti hiyo wakaenda kwa Rais William Ruto, ambaye alisema marufuku hizo hazina nguvu kwa kuwa zinapingana na sheria ya taifa ya mazao na kanuni za 2023. Siku hizohizo Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha.

Kila upande ulikuwa na Katiba mkononi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kilimo, udhibiti wa biashara ya ndani ya kaunti, na udhibiti wa dawa za kulevya. Linaipa serikali ya taifa sera ya kilimo na biashara ya kimataifa. Embu ilisimama juu ya kilimo, Mombasa juu ya udhibiti wa dawa. Pasipo chombo cha kuwakalisha pamoja mapema, kaunti mbili za nchi moja zilianza kuzungumza kupitia amri za magavana na mawakili. Kanuni za 2023 ziliandikwa hasa kwa kuwafikiria wanaolima na wanaouza. Mzazi wa Likoni au Kisauni kule Mombasa, mwalimu anayeona darasa likipungua, na daktari wa hospitali ya umma hawakuwa na kiti kilichotajwa kwa jina kwenye meza ya biashara hiyo, ingawa biashara hiyo huishia mlangoni kwao.

Mtu wa Mbeere anaweza kuuliza kwa haki: kwa nini anayetaka zao langu life aketi katika kamati ya zao langu? Kwa sababu mzazi yule yuko katika hali ileile ya mwenye mti. Hana pa kuhamia. Uamuzi ukiwa mbaya, yeye haachi biashara hiyo na kutafuta nyingine. Anaubeba nyumbani mwake kila siku. Kipimo hicho kinafaa kuliko ukubwa wa mtaji au wingi wa kelele. Viti vya kwanza ni vya wale ambao uamuzi utawakaa mwilini na ambao hawawezi kuukwepa, wawe wanafaidika na zao au wanaumizwa nalo. Wanaoweza kubadili bidhaa mwezi ujao wasikilizwe pia, kwa kuwa wanajua soko, lakini wasiwe wengi kuliko wale.

Tena mzazi akikaa meza moja na mkulima, maswali hubadilika. Badala ya marufuku au uhuru mtupu, pataulizwa umri wa mnunuzi, umbali wa kibanda na shule, saa za kuuza, ushuru wa kaunti na matumizi yake. Hayo ni mambo ambayo kamati inaweza kuyashauri. Mahakama, ikiletewa kesi, huamua nani ana mamlaka. Haipangi saa za kufungua kibanda.

Makadamia yanaipima hoja hii kwa namna tofauti, maana hapo hakuna suala la afya. Mwaka 2009 Kenya ilipiga marufuku kuuza nje makadamia yasiyobanguliwa, ili viwanda vya nchini vipate malighafi na ajira ibaki hapa. Nia ilikuwa njema, na viwanda vilikua kweli. Kwa miaka kadhaa wakulima wa Embu, Meru, Kirinyaga na Murang'a waliona bei nzuri, wakapanda zaidi, na wengine wakang'oa kahawa. Kisha soko la dunia lilipolegea, bei shambani ikaporomoka hadi takriban shilingi 30 kwa kilo na hata chini ya hapo, na mkulima hakuwa na mnunuzi mwingine wa kumkimbilia. Mwezi Novemba 2023 serikali ililegeza marufuku kwa mwaka mmoja. Wabanguaji walionya kwamba viwanda vitafungwa. Wakulima walisema hatimaye wanapumua. Wote wawili walisema kweli. Mkulima aliyepanda mche wa makadamia amesubiri miaka minne au mitano kabla ya kuvuna chochote, na kibarua wa kiwandani Thika hana kazi nyingine iliyoandaliwa. Kamati inayoshauri juu ya marufuku hii inamhitaji mkulima na mfanyakazi, pamoja na mwenye kiwanda, tena kwa viti vilivyotenganishwa. Mwenye kiwanda huwa na mazoea ya kusema kwa niaba ya wafanyakazi wake anapoiomba serikali ulinzi. Mshahara unapojadiliwa, mazoea hayo hayaonekani.

Mikataba ya kimataifa ni ngazi ya juu ya suala hilohilo. Shirika la Biashara Duniani lilipoanza mwaka 1995, Kenya iliunda kamati ya taifa ya kushughulikia mambo yake, yenye maofisa wa wizara pamoja na watu wa sekta binafsi na mashirika ya kiraia. Mazungumzo ya Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi na Umoja wa Ulaya yalipokaribia tarehe ya mwisho, mwaka 2007, jukwaa la wakulima wadogo wa Kenya lilikwenda Mahakama Kuu likidai kwamba maisha yao yanajadiliwa bila wao. Hukumu ilitoka Oktoba 2013: mahakama iliiamuru serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wadau, wakiwemo wakulima wadogo, na kuhimiza mjadala wa umma. Walisubiri miaka sita kuambiwa kwamba walistahili kusikilizwa.

Linganisha na maua. Tarehe 1 Oktoba 2014 mkataba huo na Umoja wa Ulaya ulikuwa haujakamilika, na maua ya Kenya yakaanza kutozwa ushuru Ulaya. Wenye mashamba ya maua walipiga mbiu, mazungumzo yakafungwa ndani ya mwezi uleule, na kabla mwaka haujaisha ushuru ukaondolewa. Hakuna ubaya katika kasi hiyo; mashamba ya Timau, ndani ya Meru kwenyewe, yana vibarua wengi ambao wangepoteza kazi. Linalouma ni kwamba serikali ilionyesha inaweza kusikia haraka, na haikusikia kwa kasi hiyo pale aliyesema alikuwa mfugaji wa ng'ombe watatu anayehofia maziwa ya unga kutoka nje. Hatimaye mkataba wa Kenya yenyewe na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kutumika Julai 2024.

Mwelekeo huu wa wenye nguvu kujaza viti si wa Afrika pekee. Marekani ina kamati za ushauri wa biashara zilizowekwa na sheria ya mwaka 1974. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilihesabu wajumbe 566 wa kamati hizo, na 480 kati yao walitoka katika makampuni au vyama vya wafanyabiashara. Mwaka 1999 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Seattle alilazimika kuamuru kwamba kamati zinazoshauri kuhusu mbao na karatasi ziwe na mjumbe wa mazingira, kwani hapo awali msitu ulijadiliwa na wanaoukata peke yao. Sheria ya Marekani ilikuwa tayari inataka uwiano wa haki katika kamati. Neno hilo lilikuwepo kitabuni muda wote, na likahitaji jaji.

Kenya nayo ina maneno mazuri kitabuni. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Cha 118 kinalilazimisha Bunge kuuzingatia na cha 196 kinayalazimisha mabunge ya kaunti. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu hati za kisheria inamtaka anayetunga kanuni ashauriane kwanza na watakaoguswa nazo. Kwa kawaida hilo hutimizwa kwa mkutano wa siku moja ukumbini, orodha ya waliohudhuria na picha. Mkutano wa hadhara una faida yake, lakini hauna kumbukumbu. Aliyesimama kusema Siakago, huko Mbeere, hajui maneno yake yaligeuka nini yalipofika Nairobi. Kiti cha kudumu kamatini ndicho kinachompa mtu nafasi ya kusoma rasimu ya pili na kuuliza hoja yake imekwenda wapi.

Ili kiti kiwe na maana, mjumbe awe amechaguliwa na wale anaowasemea, si kuteuliwa na waziri kutoka miongoni mwa marafiki. Vyama vya ushirika vya kahawa vya Meru na Embu vina udhaifu wao unaojulikana, lakini vina daftari la wanachama na mkutano mkuu wa mwaka. Mjumbe wao anaweza kuulizwa na kuondolewa. Wachumaji wa miraa na wauzaji wa muguka wengi hawana chama cha namna hiyo, na hilo hutumiwa kama sababu ya kuwaacha nje. Kaunti inaweza kuwaitisha masokoni wachague. Mjumbe alipwe nauli na posho ya siku, maana mchumaji akikosa asubuhi mbili amekosa chakula, na nyaraka ziandikwe kwa Kiswahili. Kila mmoja atangaze maslahi yake mwanzoni; Meru si ajabu mtu mmoja kuwa na shamba, gari la kusafirisha na kiti katika bunge la kaunti, na wenzake wanastahili kujua anasema kwa kofia ipi.

Wataalamu, yaani madaktari, wachumi na watafiti wa kilimo, wawepo bila kuhesabiwa kama wawakilishi wa mtu. Kazi yao ni kusema kinachojulikana. Wakichanganywa na wenye maslahi, ushahidi hugeuka kura moja kati ya kura nyingi, na hapo ndipo waziri hupata mwanya wa kuuona kama maoni tu.

Wapo wanaosema kamati yenye kila mtu haiamui kitu. Hofu hiyo ina msingi: watu arobaini mezani huishia kusikiliza hotuba. Njia inayofaa ni kamati ndogo kwa kila zao, ya watu kumi hivi, badala ya kamati moja kubwa ya biashara yote, kwa kuwa mzazi wa Mombasa hana la kusema juu ya makadamia, na mbanguaji hana la kusema juu ya muguka. Pasipopatikana makubaliano, maoni ya wachache yaandikwe kando ya yale ya wengi na yote yapelekwe kwa waziri.

Kisha ushauri wenyewe uchapishwe. Ripoti ya lile baraza la Uingereza ilikuwa wazi kwa kila mtu, na kwa sababu hiyo Theresa May alilazimika kueleza hadharani kwa nini anakwenda kinyume nayo, na wabunge wakapata pa kumshikia. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, vinampa mkulima wa Evurore kule Mbeere na mzazi wa Likoni haki ileile ya kuomba nakala ya ushauri uliotolewa kuhusu muguka, na ofisi inayoombwa inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21.